Habari ya Tiba Ina Kwao: Mhadhara Kuhusu Kukatika Pumzi Usingizini na Yanayoandikwa Mtandaoni



Nimeombwa nizungumze juu ya habari za kitabibu zilizojaa mtandaoni, nikapewa ruhusa ya kuchagua ugonjwa mmoja ili nisiwatembeze sana. Nimechagua maradhi ambayo mwenye nayo ndiye wa mwisho kuyajua, kwa sababu yanamjia akiwa amelala. Anayejua ni mke, au mume, au mtoto wa chumba cha pili anayemsikia baba anakoroma, anakoroma, halafu kimya. Kimya kinarefuka mpaka unajiuliza kuna nini. Kisha baba anagutuka kwa mkoromo mmoja mkubwa, anageukia ukutani, anaanza upya. Madaktari wanaiita apnia ya usingizi. Mitaani tunasema fulani anakata pumzi akilala, na aghalabu tunacheka.

Niseme mapema kwamba mimi ni mkutubi wa maktaba ya tiba, si daktari, na sitampima mtu hapa jioni hii. Kazi yangu ni kuwatafutia madaktari na wanafunzi makala, na kuwaonyesha habari waliyoisikia imetoka wapi. Neno langu la leo ni hilo hilo. Habari ya tiba ina kwao. Imezaliwa mahali fulani, mwaka fulani, kwa kupimwa watu kadhaa, kwa fedha za mtu. Ukiifuata mpaka kwao utaijua sura yake. Ukiipokelea njiani, umepokea maneno ya watu.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa wengi wetu hilo halina neno. Kwa baadhi, ulimi na kaakaa laini vinarudi nyuma na njia ya hewa inajifumba kama mrija wa karatasi uliolowa soda. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anazinduka nusunusu, koo linafunguka kwa kishindo, analala tena. Asubuhi hakumbuki chochote, ila kichwa kinamgonga na mdomo umekauka, na saa nane mchana anasinzia ofisini huku wenzake wanasema ana usingizi wa pono. Ipo pia aina nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kuvuta pumzi. Hiyo ni adimu zaidi na leo sitaigusa.

Pumzi ikikatika, au ikipungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, wapimaji wanaandika tukio moja. Matukio 5 kwa saa ndiyo mpaka wa kuingia kwenye ugonjwa. Kuanzia 15 ni hali ya kati. Kuanzia 30 ni kali. Nawaomba mzishike namba hizi tatu, 5, 15 na 30, maana bila hizo hamwezi kusoma habari hata moja ya maradhi haya mkaielewa, na wauzaji wa dawa wanalijua hilo.

Tuanze na namba ambayo imetembea kuliko zote: kwamba watu milioni 936 duniani wana ugonjwa huu. Utaikuta kwenye magazeti, kwenye matangazo ya vifaa, hata kwenye hotuba za wakubwa. Kwao ni jarida la Lancet Respiratory Medicine, mwaka 2019. Ukiifungua makala utaona kwamba waandishi walipata tafiti 17 za kutegemewa kutoka nchi 16, kisha wakazitumia kukadiria hali ya nchi 193. Yaani nchi nyingi hazikupimwa. Zililinganishwa na zile chache zilizopimwa, kwa kutazama uzito wa miili ya watu, asili zao na ujirani wa nchi, ndipo zikapewa namba. Halafu milioni 936 ni wote waliofikia matukio 5 kwa saa, wakiwemo watu ambao hawana dalili yoyote na huenda wasihitaji tiba. Waliokadiriwa kuwa na hali ya kati au kali ni milioni 425, na kundi hilo ndilo lililopaswa kupewa kichwa cha habari. Shukeni sasa mpaka mwisho wa makala, pale ambapo macho ya wasomaji huwa yamekwisha kuchoka. Utafiti uligharimiwa na ResMed, kampuni inayotengeneza mashine za wagonjwa hawa hawa.

Sisemi wamedanganya. Makadirio yao yanatumiwa na wataalamu hadi leo na njia yao iko wazi kwa kila anayetaka kuikosoa. Nasema tu kwamba muuza miavuli akikuambia mvua inakuja, msikilize, halafu toka nje utazame mawingu mwenyewe.

Mwezi Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tirzepatide, sindano ya kila wiki iliyopewa jina la kibiashara Zepbound, kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza na apnia ya kiwango cha kati au kali. Ilikuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa huu, kwa hiyo ni habari kubwa kweli. Lakini habari kama hiyo ikipita kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp, inakufikia ikiwa imekwisha kugeuka: sindano ya kukomesha mkoromo, tuma pesa kwa namba hii.

Tuifuate kwao, polepole, ili muone kwamba si kazi ya wasomi peke yao. Unafungua PubMed, ile fahirisi ya makala za tiba inayoendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Ni bure, haitaki kujisajili. Unaandika jina la dawa na jina la ugonjwa kwa Kiingereza, unachagua mwaka 2024. Inakuja makala ya New England Journal of Medicine ya mwezi Juni. Muhtasari wake ni nusu ukurasa wa maandishi matupu, hauna video wala picha, hauli bando. Usianze na hitimisho. Anza na waliopimwa: watu 469, katika majaribio mawili ya wiki 52. Wote walikuwa na unene uliopitiliza. Walianza na wastani wa matukio kama 50 kwa saa, ambayo ni hali kali sana. Waliochomwa dawa walipungukiwa matukio 25 katika jaribio la kwanza na 29 katika la pili. Waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungukiwa kama 5.

Sasa toeni wenyewe. Hamsini ukitoa 25, au ukitoa 29, inabaki ngapi? Kwa wastani mtu ametoka kwenye hali kali akaingia kwenye hali ya kati. Ni nafuu kubwa, na wapo walioshuka mpaka kiwango ambacho hakikuhitaji tiba nyingine, lakini wastani huo si kupona. Ukiingia ndani ya makala yenyewe unakuta kwamba wenye kisukari hawakuhusishwa. Wembamba nao hawakuhusishwa, na mjue kuna watu wembamba wenye maradhi haya, kwa sababu ya umbo la taya au la koo. Mlipaji ni Eli Lilly, mwenye dawa. Mpaka hapo umetumia dakika kumi, na tayari unajua mambo ambayo yule aliyekutumia ujumbe hayajui.

Kosa lingine hutokea upande wa pili, pale habari inapokatisha tamaa. Tiba kuu ya apnia tangu zamani ni mashine inayosukuma hewa kupitia puani usiku kucha ili koo lisijifumbe. Wote wanaiita CPAP, nami nitaiita hivyo hivyo. Mwaka 2016 New England Journal ilichapisha utafiti ulioitwa SAVE. Watu 2,717 kutoka nchi 7, wenye umri wa miaka 45 hadi 75, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, waligawanywa: wengine wapewe mashine juu ya matibabu yao ya kawaida, wengine waendelee na matibabu hayo peke yake. Baada ya wastani wa miaka 3.7, mashambulizi ya moyo, viharusi na vifo vitokanavyo na moyo havikuwa pungufu kwa wenye mashine. Mwandishi mwenye haraka anaandika: mashine haifai. Na mgonjwa ambaye hakuipenda tangu siku ya kwanza anapata kisingizio cha kuirudisha kabatini.

Someni ndani. Kwa wastani mashine ilivaliwa saa 3.3 kwa usiku. Mtu analala saa saba, anajikinga saa tatu na ushei, halafu tunashangaa kinga haikuonekana. Tena wale wanaosinzia sana mchana, na wale ambao oksijeni yao inashuka vibaya, hawakuingizwa kwenye utafiti kabisa, na hao ndio ambao daktari wa kawaida anawaandikia mashine kwanza. Waliovaa walikoroma kidogo, walisinzia kidogo mchana, na nafsi zao zilichangamka zaidi. Kwa hiyo swali la SAVE lilikuwa jembamba, na jibu lake jembamba vile vile. Mimi utafiti huu naupenda kuliko wengi, kwa sababu uliwaudhi watu wengi na bado ukachapishwa.

Kuna habari nyingine ni za kweli lakini zimevalishwa viatu vikubwa. Mwaka 2006 jarida la BMJ lilitoa jaribio la Uswisi ambamo wagonjwa 25 waligawanywa na baadhi yao wakafundishwa kupiga didgeridoo, ile tarumbeta ndefu ya mti ya wenyeji wa Australia, kwa miezi minne. Wapigaji walisinzia kidogo zaidi mchana na matukio yao ya usiku yalipungua. Mwaka 2017 watafiti wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Huenda kweli kuimarisha misuli ya koo kunasaidia, na wapo wanaoendelea kulitafiti wazo hilo. Ila watu 25 ni wachache mno. Nasema haya nisije nikasikia kesho vijana wa Lamu wameanza kuuza siwa kwa tiba ya mkoromo.

Kuhusu kuziba mdomo kwa plasta wakati wa kulala, mtindo unaosifiwa sana kwenye video fupi, niseme kwa kifupi: mwenye pua iliyoziba akijifunga mdomo amejifungia hewa. Na saa za mkononi, ambazo tangu 2024 baadhi yake zimeruhusiwa Marekani kutoa tahadhari ya apnia, ni za kutahadharisha tu, na saa ikikaa kimya si cheti cha afya. Vivyo hivyo kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni tulichokizoea wakati wa UVIKO-19. Kikisoma 98 saa nne asubuhi hakijakuambia lolote kuhusu saa nane usiku.

Sasa mtu ataniuliza: hizi zote ni habari za Marekani, Uswisi na Australia, zetu ziko wapi? Zipo, na nyingine zimejificha vizuri kabisa. Mwaka 2017 jarida la BMC Endocrine Disorders, ambalo linasomwa bure na yeyote, lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa kisukari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Zaidi ya wanne katika kila kumi walionekana kuwa kwenye hatari kubwa ya apnia. Angalieni maneno: kwenye hatari kubwa. Walijibu dodoso, hawakulazwa na kufungwa nyaya za kupimia. Mwenye kuandika kwamba wanne katika kumi wana ugonjwa amekwisha kuipotosha makala ambayo waandishi wake wenyewe walikuwa waangalifu. Hata hivyo, daktari wa kliniki ya kisukari akiisoma habari hiyo, kesho yake atakuwa na swali jipya la kumuuliza mgonjwa, na hilo ni tunda tosha.

Iliyojificha ni hii nyingine. Watafiti waliofanya kazi Muhimbili, hapa Dar es Salaam, na Kilifi, pwani ya Kenya, waliwahi kupima oksijeni ya watoto wenye selimundu wakiwa wamelala usiku. Kwa ugonjwa ambao chembe za damu hujikunja oksijeni ikipungua, hamhitaji kuelezwa umuhimu wake. Lakini ukiandika apnia kwenye kisanduku cha kutafutia huenda usiipate, maana kichwa cha makala kinataja kushuka kwa oksijeni usiku. Hapa ndipo mkutubi anapokula mkate wake. Tafuta ugonjwa kwa jina lake, halafu tafuta kinachopimwa, halafu tafuta kundi la watu: watoto wenye matezi ya koo yaliyovimba, wajawazito, madereva, wenye presha isiyoshuka kwa dawa tatu. Na kwa kuwa Waingereza wanaongeza herufi o ndani ya neno lenyewe na Wamarekani hawaiongezi, kwenye hazina ndogo kama AJOL, ile ya majarida ya Afrika yenye makao Afrika Kusini, andika mara mbili, kwa tahajia zote mbili. PubMed inajua kwamba ni neno moja.

Kuhusu malipo, ambalo ndilo lalamiko ninaloletewa kila siku: mtu anafika mlangoni pa makala anaambiwa alipe dola 40. Usilipe. Tazama kwanza kama ipo PubMed Central, ambako makala kamili husomwa bure. Makala za utafiti za New England Journal hufunguliwa kwa aliyejisajili baada ya miezi sita. Kisha kuna Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ambao unazipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa ada ndogo. Hinari haimpi mtu mmoja mmoja, inaipa taasisi. Ndiyo maana nawaambia wauguzi na waganga wa wilayani: ulizeni kama hospitali au chuo chenu kimesajiliwa, na nywila anayo nani. Mara nyingi nywila ipo, ila iko kwenye droo ya mtu aliyestaafu.

Asiyesoma lugha ya utafiti aanzie MedlinePlus, ambayo imeandikwa kwa ajili ya wagonjwa na ina sehemu ya Kiswahili, ingawa bado ni nyembamba. Anayetaka kujua tafiti zote kwa pamoja zinasema nini aende Cochrane, asome ule muhtasari wa lugha nyepesi unaotangulia kila mapitio. Na kwa wanafunzi wangu, ambao siku hizi huiuliza akili mnemba kabla ya kuniuliza mimi: sawa, iulizeni. Lakini mashine ile ina tabia ya kutaja makala ambazo hazijawahi kuandikwa, ikazipa na waandishi na mwaka. Kila makala unayotajiwa, itafute PubMed. Isipoonekana, iache.

Nimeiweka nyuma habari moja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoweza kuwa inamhusu mtu aliyeko ukumbini humu usiku wa leo.

Tarehe 14 Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuziita zirudishwe mamilioni ya mashine zake za CPAP na za kusaidia kupumua. Ndani yake kulikuwa na sponji ya kupunguza kelele, na sponji hiyo ilikuwa ikimomonyoka. Chembe zake na gesi zake ziliweza kuingia kwenye bomba la hewa, na kutoka hapo kwenye mapafu ya aliyelala. Zilizohusika ni mashine zilizotengenezwa kati ya mwaka 2009 na tarehe 26 Aprili 2021, na maarufu kati ya hizo ni DreamStation ya toleo la kwanza. Mwaka 2024 kampuni ilikubali kusimamisha uuzaji wa mashine mpya za aina hiyo Marekani mpaka itimize masharti iliyopewa, na ikakubali kulipa dola bilioni 1.1 kumaliza mashauri ya waliodai kudhurika huko.

Marekani, mwenye mashine aliweza kuandikiwa barua, maana jina lake lilikuwa kwenye orodha ya duka au ya bima. Huku kwetu mashine nyingi haziingii kwa mlango huo. Zinakuja kwenye begi la shangazi aliyetoka Uingereza. Zinakuja kama msaada, au zinanunuliwa mkono wa pili kwa sababu mpya inaweza kupita shilingi milioni moja. Mashine kama hiyo haina orodha, na barua haina pa kufika.

Mzee mmoja alikuja maktabani akiwa na mashine yake ndani ya kikapu, kanga imefungwa juu. Binti yake alimletea kutoka ng'ambo. Hakuja kwa sababu ya habari ya sponji, hakuwa ameisikia. Alitaka nimtafutie kijitabu cha maelekezo. Tuliigeuza chini juu mezani. Kwenye kitako kuna kibandiko chenye jina la toleo na namba ya mashine, herufi na tarakimu ndogo ambazo alinisomea kwa miwani yangu. Tukafungua tangazo la FDA, tukalinganisha. Ilikuwa mojawapo. Cha kwanza alichosema ni kwamba ataitupa, na hapo nikamzuia, kwa kuwa tangazo hilo hilo linamtaka mgonjwa azungumze na daktari wake kabla ya kubadili tiba: kwa baadhi ya watu kukaa bila mashine ni hatari kuliko sponji. Akaondoka na karatasi mbili nilizomchapishia, moja yake, moja ya daktari. Mwenye mashine ya namna hii nyumbani, fanya hivyo hivyo. Na usiisafishe kwa vile vifaa vya gesi ya ozoni vinavyouzwa mtandaoni. FDA ilitahadharisha mwaka 2020 kwamba haikuwa imeviidhinisha kwa kazi hiyo.

Mtaona kwamba habari hii ina zaidi ya miaka mitatu. Haimo tena kwenye vichwa vya habari, na ukifungua simu ukatafuta mpya kabisa hutaletewa. Na mimi ndivyo ninavyoamini baada ya kukaa muda mrefu kwenye kazi hii: habari mpya na habari inayokufaa ni vitu viwili, na kwa apnia ya usingizi zilizo nyingi zinazotufaa ni za zamani.

CPAP yenyewe ni ya mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa mwenye hali mbaya alitobolewa koo ili avute hewa kupitia shimo. Daktari Colin Sullivan wa Sydney alichukua mota ya aina ya ile inayofyonza vumbi, akaigeuza isukume hewa badala ya kuivuta, akaunganisha bomba na kifuniko cha pua kilichogandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Aprili 1981 aliandika habari hiyo kwenye Lancet, akiwa na wagonjwa watano tu. Watano! Nimewaambia hapa kwamba 25 ni wachache, na mwanafunzi mwerevu atanishika hapo. Tofauti ni kwamba kwa hao watano koo lilifunguka usiku ule ule, mbele ya vipimo, na mashine ikizimwa linafumba tena. Jambo la namna hiyo halihitaji umati wa mashahidi. Jambo la kusema kwamba usingizi umepungua kidogo baada ya miezi minne ndilo linalouhitaji.

Ya pili kwa manufaa ni ya mwaka 2008. Frances Chung na wenzake wa Toronto walitunga dodoso liitwalo STOP-Bang, kwa ajili ya wagonjwa wanaokwenda kupewa nusu kaputi, kwa sababu mwenye apnia akilazwa kwa dawa anaweza kupata shida ya pumzi na mpasuaji hana habari. Ni maswali manane ya ndiyo au hapana. Je, unakoroma kwa sauti? Unachoka na kusinzia mchana? Yupo aliyekuona ukikata pumzi? Una presha? Uzito wako ukilinganishwa na urefu (BMI) umepita kipimo cha 35? Umevuka miaka 50? Shingo yako imezidi sentimita 40, kwa futi ya fundi cherehani? Ni mwanamume? Ndiyo tatu zinatosha kukupeleka kwa daktari. Tano au zaidi, usichelewe. Lakini wanawake wasijitoe kwa sababu ya swali la mwisho, maana wanaupata ugonjwa huu, hasa baada ya hedhi kukoma, na wengi wao hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko mkoromo, ndiyo maana wanapitwa.

Anayelala pembeni ya mgonjwa ana kazi moja: rekodi dakika mbili tatu kwa simu, pale mkoromo unapokatika. Kwa daktari rekodi hiyo ina maneno mengi kuliko maelezo ya mgonjwa, ambaye hakuwepo.

Namalizia na barabara. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa mwaka 2009 uligundua kuwa dereva mwenye apnia ana uwezekano wa kupata ajali zaidi ya mara mbili ya asiye nayo. Nasi tangu Oktoba 2023 tumeyaruhusu tena mabasi ya mikoani kusafiri usiku, na malori ya Tunduma hayajawahi kulala. Wenye mabasi na malori mliomo humu, maswali yale manane hayamalizi dakika mbili. Waulizeni madereva wenu wiki hii, pale pale gereji. Atakayejibu ndiyo mara tatu, mpelekeni akapimwe, na kazi yake muitunze mpaka arudi. Mkimfukuza huyo wa kwanza, wote watakaomfuata watawajibu hapana.